Lincoln na Douglas jukwaani: midahalo saba ndani ya dakika 90

Mwaka 1858 kule Illinois, Marekani, Abraham Lincoln wa chama cha Republican na Stephen Douglas wa Democratic walishindana kwa midahalo wakiwania kiti cha Seneti, na kila mdahalo ulichukua saa tatu: mfunguzi dakika 60, mpinzani 90, kisha mfunguzi 30 za kujibu. Tamthilia hii imeibana yote saba ndani ya dakika 90, na hapo ndipo inapochechemea. Midahalo ya miji ya Jonesboro na Quincy inapita kama daladala isiyosimama kituoni.

Mdahalo wa Freeport ndio kiini, na unastahili. Lincoln anauliza kama wakazi wa eneo ambalo bado si jimbo wanaweza kuuzuia utumwa. Douglas yuko kikaangoni: akikubali anawaudhi wa majimbo ya Kusini yenye utumwa, akikataa anawapoteza wapigakura wa nyumbani. Mdahalo wa Charleston nao haukufichwa, pale Lincoln alipokana usawa wa weusi na weupe. Ukumbi kimya.

Maonyesho ya vifaa vya kihistoria yanayoambatana na tamthilia yaone kabla pazia halijafunguliwa. Nusu saa yatosha. Anzia kwenye magazeti mawili ya Chicago yaliyolazwa sambamba: la Republican lilinyoosha lugha ya hotuba za Lincoln, la Democratic za Douglas. Taa ni hafifu kwa kuwa mwanga hula karatasi kuukuu, lakini herufi za maelezo zingeongezwa ukubwa. Waigizaji hawana vipaza sauti, hivyo epuka safu za nyuma.