Vichekesho vya 1988: namba moja yangu ni Midnight Run

Najua Arua nzima, mji wetu wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, itanipinga. Ukiuliza hapa kwetu filamu ya kuchekesha kuliko zote za mwaka 1988, utajibiwa Coming to America kabla hujamaliza swali. Naipenda sana filamu hiyo, na nitaisifia. Lakini kiti cha kwanza nampa Midnight Run ya Martin Brest, wala sibanduki hapo.

Robert De Niro ni Jack Walsh, aliyekuwa polisi Chicago, ambaye sasa anaishi kwa kuwasaka watu waliotoroka dhamana. Anatumwa New York kumkamata mhasibu na kumfikisha Los Angeles kabla ya saa sita usiku siku ya Ijumaa. Akifaulu, dola 100,000 ni zake. Mhasibu mwenyewe, Charles Grodin, amemwibia jambazi mkubwa mamilioni ya dola na kuyagawa kwa wenye shida. Anasema ndege anaiogopa, basi safari ya saa chache inageuka ya treni, ya basi, ya magari ya wizi, mpaka ya behewa la mizigo. Nyuma yao kuna FBI, watu wa jambazi, na msakaji mwingine anayeitaka hela hiyohiyo.

Aliyewahi kupanda basi la usiku kutoka Kampala kuja Arua anaijua hali hii. Wewe na jirani wa kiti mnaondoka bila kusalimiana vizuri. Mkivuka daraja la Karuma ameshakueleza ugonjwa wa mama yake. Mkifika Pakwach mnanunuliana samaki. Grodin hafanyi mzaha wowote. Anauliza tu, kwa upole unaokera: kwa nini unavuta sigara, kwa nini unakula hovyo, kwa nini humtembelei binti yako. De Niro anachemka, na sisi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Halafu wanafika Chicago kwa mke aliyeachana na Walsh, kuomba pesa na gari. Binti anatoka kumfuata baba yake na kumpa akiba aliyoipata kwa kulea watoto wa watu. Baba anakataa kuipokea. Hapo hakuna anayecheka, na filamu haituharakishi. Kicheko kinachofuata baada ya hapo ni kizito zaidi, maana sasa unampenda mtu unayemcheka. Hicho ndicho ninachokitafuta kwenye vichekesho.

Coming to America ni ya pili, kwa nywele tu. Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya kubuni ya Afrika, anakataa mke aliyechaguliwa, anahamia mtaa wa Queens huko New York, na kushika ufagio katika mgahawa wa McDowell. Sisi Waganda tuna ndugu waliokwenda kyeyo, yaani kutafuta vibarua nje ya nchi. Tunajua vijana waliosoma, wa familia zenye heshima, wanaopiga deki ng'ambo. Eddie Murphy anafanya kazi hiyo bila kujidharau hata kidogo, na filamu haimcheki kwa sababu anatoka Afrika. Wanaochekwa ni wale wanaomdharau. Kumbuka pia kwamba mwaka ule sisi hapa hatukuwa na mfalme: falme zilifutwa mwaka 1967 na hazikurudi mpaka 1993. Kumwona mfalme Mwafrika kwenye skrini, James Earl Jones na ile sauti yake, akiingia New York watu wakisimama, hilo si jambo dogo.

Na ile saluni ya kinyozi! Murphy mwenyewe ndiye Clarence mwenye duka, na ndiye mzee Saul, Myahudi mzungu, chini ya vipodozi vya Rick Baker. Wanabishana kuhusu mabondia kama tunavyobishana saluni kuhusu Arsenal. Ningeweza kuitazama sehemu hiyo peke yake kila wiki. Inachonipunguzia ni Zamunda yenyewe, ile ya tembo kupita wakati wa mazungumzo.

The Naked Gun naiweka ya tatu, na hapa mtu wa West Nile, eneo letu hili alikotoka Idi Amin, ana neno lake. Inaanzia Beirut, kwenye kikao cha maadui wa Marekani: Gaddafi, Khomeini, Arafat, Gorbachev, na kati yao Idi Amin. Leslie Nielsen anawacharaza wote. Mwaka huo Amin mwenyewe alikuwa uhamishoni Saudi Arabia, na watu wetu wengi, waliokimbilia Zaire na Sudan baada ya kuanguka kwake, walikuwa ndio kwanza wanajenga upya. Kwa mtazamaji wa mbali, Amin yule ni sura ya kuchekesha tu. Kwetu ni jina lililotulipisha gharama, hata sisi tusiomjua. Baada ya dakika hizo chache filamu inakimbia na vituko vya Nielsen mwenye uso mkavu, nami nacheka kweli, ila kwa mdomo tu.

A Fish Called Wanda ina akili nyingi, na Kevin Kline alistahili ile Oscar yake ya mwigizaji msaidizi. Kigugumizi cha Ken ndicho kinanitatiza, maana kinachekwa muda mrefu mno. Lakini Michael Palin, aliyemwigiza, baba yake alikuwa na kigugumizi, na tangu 1993 London ina kituo chenye jina la Palin kinachosaidia watoto wenye tatizo hilo. Hilo limenifanya niitazame kwa jicho lingine, ingawa haikupanda kutoka nafasi ya nne.

Big ni ya tano. Tom Hanks kama mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima ni wa ajabu. Mtazame kwenye sherehe akitafuna hindi changa, dogo kama kidole, kana kwamba ni la kuchoma kando ya barabara. Penny Marshall aliiongoza vizuri mno. Ila mapenzi kati ya mwanamke mzima na mtoto huyo siwezi kuyafurahia.

Beetlejuice sikuiingiza, inanivutia macho, hainichekeshi. Twins inapendeza, ikiisha imeisha.

Ukienda kujaziwa filamu kwenye flashi, jua kwamba Midnight Run imejaa matusi, na Coming to America inaanza na wanawake walio uchi bafuni. Usiziweke mbele ya wakwe.