TAHADHARI DODOMA: Mota za mapazia ya rola zenye stika juu ya stika

Ndugu zangu wa Ilazo, Kisasa, Nzuguni na Iyumbu, na ninyi mnaomalizia nyumba Njedengwa na kuelekea Mtumba: kuna muuzaji anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akitangaza mota za mapazia ya rola. Neno lake kubwa ni kwamba mota yake "inaingia kwenye pazia lolote, la zamani au jipya". Nimempa shilingi 1,700,000. Kati ya mota saba alizofunga kwangu, leo hakuna hata moja inayofanya kazi. Jina na namba yake siviandiki kwa sababu taarifa iko polisi, lakini namna anavyofanya kazi nitaieleza yote. Akifika kwako utamtambua.

Nyumba yangu ilikuwa na mapazia ya rola ya kuvuta kwa cheni, yana miaka minne na bado ni mazima. Dirisha la sebuleni na la chumba cha mama yanatazama magharibi. Jua la Dodoma la kuanzia saa tisa alasiri mnalijua. Mama ana miaka 78, viganja vinamuuma, cheni hawezi kuivuta. Alikuwa anakaa kwenye joto lile mpaka mmoja wetu arudi kutoka kazini. Kwa hiyo nilitaka abonyeze rimoti tu, pazia lishuke.

Yule kijana aliniambia nimtumie picha za madirisha. Picha tu. Hakuja kupima wala hakuuliza bomba la pazia lina kipenyo gani. Bei ikawa 350,000 kwa dirisha, jumla 2,450,000, advansi 1,700,000 kwenye lipa namba yenye jina tofauti kabisa na la duka lake. Nilipouliza, akajibu, "Ni namba ya ofisi dada, usiwe na wasiwasi." Risiti akasema ningeipata kazi ikiisha.

Siku ya kufunga walikuja vijana wawili na boksi la mota nyembamba za betri, zile zinazoingia ndani ya bomba. Hapa naomba msome taratibu, maana ndipo penye utapeli wenyewe.

Mota ya ndani haizungushi pazia yenyewe kwa yenyewe. Ina pete mbili za plastiki, moja kichwani na moja mwishoni, na pete hizo ndizo zinazoshika bomba. Lazima zilingane na kipenyo cha ndani cha bomba na zikae kwenye mifereji iliyomo humo ndani. Zikiwa ndogo, mota inazunguka peke yake na bomba linabaki limetulia. Mabomba yangu yalikuwa mapana kuliko pete walizokuja nazo. Wakafanya nini? Wakazungushia vipande vya boksi, wakapaka gundi, wakasukumiza ndani. Sikuyaona hayo siku ile kwa sababu nilikuwa jikoni. Nimeyaona tulipofungua.

Siku tatu za kwanza yalienda. Siku ya nne joto likalegeza gundi, na pazia la sebuleni likaanza kupanda upandeupande, kitambaa kikajikunja kwenye breketi na kuchanika pembeni. La mama likasimama katikati, haliendi juu wala chini, mota inalia tu. Ndani ya wiki mbili zote saba zilikuwa kimya.

Mpwa wangu ni fundi umeme. Alipochomoa mota ya sebuleni aliona stika imeandikwa 2 Nm, yaani nguvu ya kuzungusha ya nyutoni mita mbili. Kona ya stika ilikuwa imeinuka. Akaibandua. Chini yake palikuwa na stika nyingine, ya kiwandani, imeandikwa 0.7 Nm. Tukabandua zote saba, na zote ziko hivyohivyo. Hilo si kosa la fundi aliyekosea kipimo, mtu amekaa chini akachapisha stika za uongo.

Mtauliza, 0.7 ina ubaya gani? Tulipima. Kitambaa cha sebuleni pamoja na ule ubao wa chuma wa chini ni kilo 4.6. Bomba lina upana wa nje wa milimita 38, kwa hiyo nusu yake ni milimita 19, sawa na mita 0.019. Zidisha 4.6 kwa 9.8 (mvutano wa dunia) kwa 0.019, unapata kama 0.86 Nm. Hapo bado msuguano, na mota haitakiwi kufanya kazi ikiwa mwisho wa pumzi, kwa hiyo unaongeza angalau theluthi. Dirisha lile lilihitaji mota ya kuanzia 1.1 au 1.2 Nm. Ya 0.7 ilikuwa inabeba mzigo uliozidi uwezo wake kila alasiri, mpaka ikafa.

Nilipompigia akarudi kwa upole sana, na ujio huu wa pili ndio ninaouogopea wengine zaidi. Alisema tatizo ni bomba langu, "jembamba, linapinda katikati". Akataka laki nne nyingine anibadilishie mabomba ya milimita 50, mota zikiwa zilezile. Ni kweli bomba nene halipindi upesi kwenye dirisha pana, na bomba likipinda kitambaa kinaweka makunyanzi katikati. Lakini bomba nene linaidai mota nguvu zaidi kwa kitambaa kilekile, kwa sababu uzito unaning'inia mbali zaidi na kitovu. Kilo zilezile 4.6 kwenye bomba la milimita 50 zinafika 1.13 Nm kabla ya msuguano. Yaani nilipe laki nne ili mota iliyoshindwa ipewe mzigo mkubwa zaidi! Mpwa wangu alipomwandikia hesabu hiyo, hakujibu tena. Simu haipokelewi hadi leo.

Dada mmoja ninayesali naye, anayejenga Iyumbu, alinunua kwake mapazia mapya kabisa, yenye mota za umeme wa ukutani. Ya kwanza iliungua siku ileile ilipowashwa. Kwenye shingo ya mota, kwa maandishi madogo sana, palikuwa pameandikwa 120V 60Hz. Huo ni umeme wa Marekani. Wetu ni volti 230, hezi 50. Mtu mwenye duka la mota Tanzania hawezi kusema hilo hakulijua.

Sasa, anayetaka kuweka mota bila kuibiwa ashike hili: pazia la zamani na pazia jipya hayachaguliwi mota kwa njia moja. Kwenye la zamani, bomba lipo tayari, na hilo ndilo linaloamua mota. Shusha pazia moja, chomoa kile kizibo cha pembeni, pima kipenyo cha ndani kwa kalipa au rula ya milimita, piga picha ya mifereji ya ndani, pima uzito wa kitambaa na ubao wake. Muuzaji asipotaka vipimo hivyo, usimpe hela. Kwa kuwa ukuta umeshapakwa rangi na hakuna waya karibu na dirisha, wengi wetu tunaishia kwenye mota ya betri, na si vibaya. Ila betri za lithiamu hazipendi joto, na pale kati ya kioo cha magharibi na pazia kunachemka. Chajia asubuhi, si alasiri.

Kuna pia mota zinazobandikwa ukutani na kuvuta cheni ileile uliyokuwa ukivuta kwa mkono. Hapo hufungui bomba kabisa. Lakini gurudumu lake lazima lilingane na umbali kati ya shanga na shanga za cheni yako, na kile kifaa cha cheni kilichoko pembeni ya pazia kiwe kizima, kwa sababu nguvu yote inapita pale. Kikiwa kimechoka, mota mpya inakimaliza.

Pazia jipya ni kinyume chake: anza na upana wa dirisha na uzito wa kitambaa, chagua bomba lisilopinda, halafu ndipo mota itafutwe ya kubeba vyote viwili. Na kama nyumba bado haijapigwa plasta, mwambie fundi umeme apitishe waya hadi juu ya kila dirisha sasa hivi. Jueni tu kwamba mota nyingi za umeme wa ukutani, umeme ukikatika, pazia linabaki pale lilipo na hulisogezi kwa mkono. Kwa chumba cha mzee au mgonjwa, mimi ningechagua betri.

Kabla ya kulipa chochote, omba kuona mota yenyewe, na upitishe ukucha kwenye ukingo wa stika. Soma volti. Jina la lipa namba lifanane na la duka. Dai risiti ya EFD ya hiyo advansi, siyo ahadi ya risiti. Mwambie awashe mota ikiwa na pazia lako lenye uzito wake, apandishe na kushusha mara kadhaa mbele yako. Mota ikizunguka mezani bila mzigo haijakuonyesha kitu.

Mimi nimefungua taarifa polisi nikapewa RB, na nimepeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, nikiambatanisha picha za stika zote saba. Yule dada wa Iyumbu naye ameandika yake. Kama umeshampa mtu wa namna hii advansi na kazi haijaanza, usimalizie salio. Kama ameshakufungia, panda ngazi leo ukaangalie stika. Ukikuta ya pili chini yake, usiitupe mota wala usiibandue yote: ipige picha ikiwa nusu imefunguka, hifadhi muamala wa malipo, kisha niandikie inboksi. Askari aliyepokea taarifa yangu ameniambia malalamiko yakiwa mengi yataunganishwa.