Pamba ya sumaku ya Kiyembe: nimeitumia, haya ndo maoni yangu

Mafundi wenzangu wa cherehani hapa Kampala mnaouliza kuhusu hii pamba ya sumaku, yaani kitambaa cha pamba kinachovutwa na sumaku, kinachouzwa kule kwenye maduka ya vitambaa Kiyembe, mi nimenunua mita moja kwa elfu 45, na hiyo ni baada ya kubembelezana sana na mama mwenye duka maana alianzia sitini.

Kwanza wauzaji wanadanganya kitu kimoja. Wanasema kinashika pini na sindano. Hakishiki! Nimekitandika mezani nikakiinamisha, pini zote chini. Kitambaa chenyewe si sumaku, kinavutwa na sumaku, hayo ni mambo mawili. Ndani mna chembe za magnetaiti, madini ya chuma, ndogo za kupimwa kwa nanomita (gawa milimita moja mara milioni ndo hiyo nanomita), na chembe zikiwa ndogo hivyo ukiondoa sumaku nguvu inaisha hapo hapo. Ukitaka pini zitulie weka sumaku chini yake.

Sasa uimara, hapo ndo pesa yako ilipo. Vipo vya aina mbili na kwa macho huwezi kuvitofautisha, vyote vyeusi vyenye ukahawia. Kimoja wamepaka unga wa chuma kwa gundi, basi. Kingine pamba imelowekwa kwenye maji ya chumvi za chuma halafu ikatiwa amonia au soda kali, chembe zinazaliwa humo humo kwenye uzi. Usilipe kabla hujakilowesha kipembe na kukisugua kwa kitambaa cheupe, cha gundi kinaacha weusi, na ukikikunja kinamenyuka. Changu nimekifikicha kwenye beseni na sabuni ya mche, maji ya kwanza yalitoka na weusi kidogo, baadaye yakawa masafi, na bado nikikisogezea kasumaku ka spika mbovu kanakinyanyua.

Pasi haina neno. Ila msithubutu ile dawa ya kutoa kutu, itakula chembe zote, si ni chuma hiyo jamani.

Mi nimekishonea ukingo wa pazia la mlango, sumaku kwenye fremu, ukipita linajifunga lenyewe mbu wanabaki nje. Upepo wa mvua ukija linaachia maana mvuto wake mdogo. Halafu rangi, mteja anataka gomesi (lile gauni la kitamaduni la wanawake wa Uganda) ya kung'aa we unamletea nyeusi tu, atakufukuza.

Nyota 3 kati ya 5. Zingekuwa 4 wasingetudanganya mambo ya pini.