Bushi ya mkono wa gia kwa Hilux ya zamani: ya plastiki au ya shaba?

Watazamaji wangu, habari za saa hizi. Nimekaa kwenye kiti cha dereva, Hilux ya dizeli ya mwaka 1994, gia tano. Utazameni huu mkono wa gia. Gia iko fri, nausukuma kwa vidole viwili tu: unalala mpaka karibu na goti la abiria, nikiuvuta unakuja mpaka kwangu. Hauna kituo. Namba tatu unaitafuta kama unavyopapasa swichi ya taa umeme ukikatika.

Mwenye gari ameshaambiwa giaboksi imekufa, ishushwe. Ndugu zangu, kabla hujakubali giaboksi ishushwe, naomba ufanye jambo moja lisilo na gharama. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote, moja mpaka tano na rivasi. Halafu washa, rudia. Gia zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, zikagoma au zikakwaruza injini ikiwaka, ujue klachi haiachii vizuri. Hapo pampu pedali mara tatu nne haraka haraka. Gia ikikubali baada ya kupampu, anza na upepo kwenye mfumo wa mafuta ya klachi au raba zilizochoka, za masta ya juu (pampu inayosukumwa na pedali) au za silinda ya chini (inayosukuma klachi iachie).

Silinda ya chini iko ubavuni mwa giaboksi. Funua ile raba nyeusi ya mbele, ingiza kidole. Kidole kikitoka na majimaji, jibu umelipata. Masta nayo unaikagua ndani, chini ya dashibodi, pale fimbo ya pedali inapoingia. Pakiwa pamelowa, raba zimekwisha. Ila masta inaweza kuvuja kwa ndani bila kudondosha hata tone, kwa hiyo ukavu peke yake usikuridhishe. Nasema hivi kwa uchungu. Niliwahi kulipia klachi nzima, pleti, presha na beringi, gari likashuka chini siku mbili, na liliporudi namba moja ikagoma vilevile. Ugonjwa ulikuwa raba ya silinda ya chini.

Gari la leo nimelijaribu hivyo hivyo. Injini imezimwa au inawaka, gia zinaingia sawasawa, hazilii, hazikwaruzi. Kinachosumbua ni kuzipata tu. Basi hapo anayeumwa ni mkono wenyewe.

Bidhaa ninayoichambua ndiyo hii kiganjani: bushi, yaani vikalio vinavyozuia mkono wa gia usicheze. Vipande viwili. Hiki kipana kama kisahani ndicho kinachokalia tufe kubwa la katikati ya mkono. Na hii kofia ndogo inavaa ncha ya chini kabisa, ile inayoingia ndani ya giaboksi kusukuma gia. Seti ya plastiki nimeinunua kwa pesa isiyofika bei ya lita tano za dizeli. Kofia ya shaba inauzwa peke yake, na bei yake iko juu zaidi.

Twende kazini. Sihitaji jeki, nabaki humu humu ndani. Nafungua boliti za namba 10 zinazoshika raba ya chini, naivuta juu. Kabla ya hatua inayofuata, safisha. Tazama vumbi lote hili na mchanga. Shimo tunalolifungua linaingia moja kwa moja kwenye oili ya giaboksi. Nafuta kwa kitambaa chenye dizeli kidogo mpaka chuma kionekane. Sasa nashika hiki kifuniko kwa kitambaa, nakikandamiza chini kwa nguvu maana kuna springi, nakizungusha kushoto. Kimeachia. Mkono huo, umetoka mzima.

Njoo karibu na kamera. Ncha ya chini iko uchi, inang'aa kama kijiko. Kofia haipo. Na kwenye kisahani, plastiki imekuwa ya kahawia, imepasuka, nikiibonyeza kwa kucha inamomonyoka. Hii ni miaka thelathini ya joto na oili, haikuwa na namna. Ila kofia imeenda wapi? Imo humo ndani. Namulika tochi... nakiona kipande kimoja. Nakitoa kwa plaizi ndefu. Kingine kidogo nakinasa kwa kijiti kilichopakwa grisi. Usiharakishe hapa. Usirudishe mkono kabla hujapanga vipande vyote mezani na kuona vimetimia kofia moja.

Nimeuvalisha mkono kofia zote mbili kwa zamu, nikaendesha kila moja. Ya shaba inakaza sana, namba inaingia kwa mlio wa "tak", unaisikia mpaka kwenye kiganja. Lakini na mtetemo wa dizeli unapanda nao: gari likiwa limesimama injini inaunguruma tu, kitasa cha gia kinaniwasha mkono. Ya plastiki ni tulivu, na ulegevu umeondoka karibu wote. Kwa gari la familia naichagua ya plastiki bila kusita. Kwa gari linalopiga mzigo wa mawe na mchanga kila siku, shaba ina haki yake.

Sasa bushi usiitarajie mambo isiyoyaweza. Namba mbili ikikwaruza ukiibadili haraka wakati nyingine ziko sawa, hiyo ni sinkronaiza, kifaa cha ndani ya giaboksi kinacholinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Injini ikipanda mlio mlimani na mwendo hauongezeki, pleti ya klachi inateleza. Kelele inayoanza ukikanyaga klachi na kuisha ukiachia, shuku beringi ya klachi. Hizo ndizo za kushusha giaboksi.

Na ukienda dukani, mtaa wa Gerezani pale Dar es Salaam au popote, beba mkono wenyewe, usibebe jina la gari tu. Giaboksi za Hilux si za aina moja, na ncha zinatofautiana unene. Kofia sahihi unaisukuma kwa dole gumba inaingia kwa shida kidogo, na ukiutikisa mkono haichezi. Ikiingia yenyewe, mrudishie muuzaji papo hapo.