Kitalu cha njia ya Gede: chukueni miche, iacheni pakiti ya mbegu

Tangu mwanzo wa masika nimekuwa mteja wa kitalu kimoja cha miche kilicho kando ya barabara itokayo Malindi kwenda Gede, nikitafuta maua ya kuwaita chozi (ndege wadogo wanaofyonza maua), nyuki na vipepeo katika ua wangu, ambao ulikuwa mchanga mtupu.

Miche niliyoanza nayo ni mshubiri uitwao Aloe kilifiensis, ambao asili yake ni pwani hii hii, na Leonotis, mmea mrefu wenye maua ya rangi ya chungwa yanayolizunguka shina kama matufe yaliyotungwa. Kila mche niliuziwa shilingi 150, na nilipochana mfuko nilikuta mizizi imeshika udongo vizuri bila kujiviringa chini, jambo ambalo ni nadra kwa miche ya barabarani. Kusi ilikuwa ingali inavuma Leonotis ilipochanua, na tangu hapo chozi dume huja kila asubuhi, hutua kwenye shina, hutumbukiza mdomo wake uliopinda na kuutoa ukiwa na vumbi la chavua. Kwenye mshubiri ana ujanja mwingine: hulitoboa ua kitakoni akafyonza mbochi, yaani maji yake matamu, asilipe chochote kwa kubeba chavua.

Lawama yangu ni juu ya pakiti ya mbegu za maua ya mbuga za Marekani, zilizouzwa kwa shilingi 900 pamoja na picha ya ndege mvumaji, ndege ambaye haishi popote isipokuwa katika mabara ya Amerika. Nyingi za mbegu hizo, kama za Asclepias na Echinacea, huhitaji kukaa majuma kadhaa katika unyevu na baridi kali kabla ya kuota, na Malindi baridi hiyo imo ndani ya friji tu. Zangu ziliota nne, zikanyauka kabla ya jani la tatu. Mzee mwenye kitalu hakubisha. «Mwanangu, watu huinunua kwa ile picha,» aliniambia, akanipa mche wa mlimau uwe fidia.

Mlimau ule ukaota viwavi vilivyofanana na mavi ya ndege, na kijana wa kitaluni akataka kuniuzia dawa ya kupulizia. Hapo walikosea sana, kwani hao ni watoto wa Papilio demodocus, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, na wako jirani na mradi wa Kipepeo wa Gede, ambao tangu 1993 umewawezesha wakazi wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke kuuza mabundo ya vipepeo, yaani viwavi vilivyokwisha kujifunga kabla ya kugeuka vipepeo. Dawa sikuinunua. Majani yaliliwa nusu, yakachipua tena, na nitarudi kuchukua mishubiri mingine sita kabla ya vuli.