Begi la mgongoni la mtoto kwa safari ya ziwani: pima mgongo kabla ya kuuliza lita

Malalamiko ninayoletewa na wazazi yanafanana. Njia ya kandokando ya ziwa ilikuwa tambarare, mwendo ulikuwa mfupi, hema alibeba mama, na bado kabla ya kufika pa kulala begi la mtoto lilikuwa limeshahamia kifuani kwa baba. Wengi humalizia kwa kusema mtoto ni mvivu. Mimi huwaomba picha ya mtoto akiwa amelivaa begi, ipigwe kwa ubavuni, na karibu kila mara naona jambo lile lile: mkanda wa kiunoni umeshuka mapajani.

Rangi, zipu na idadi ya mifuko sitavigusa, hivyo kila mtu anaviona mwenyewe. Kinachosahaulika ni urefu wa mgongo. Mkanda ukikaa juu ya mifupa ya nyonga, uzito unapokewa na miguu. Ukishuka chini ya hapo, mabega ndiyo yanayobeba kila kitu. Mtoto anainama mbele, halafu anaanza kupenyeza vidole gumba chini ya mikanda ya mabegani ili apate nafuu. Ukimwona hivyo usimwambie avumilie. Anaumia.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Mwambie ainamishe kichwa, uguse ule mfupa unaojitokeza chini ya shingo. Kisha ashike kiuno, mikono ikiwa juu ya nyonga na vidole gumba vikielekea nyuma. Kutoka kwenye mfupa ule, ukifuata uti wa mgongo hadi usawa wa vidole gumba, ndicho kipimo chake.

Chaguo langu la kwanza ni Osprey Ace 38, na sifichi kwamba naipenda Osprey, kampuni inayolitengeneza. Begi hili limekusudiwa watoto wa kati ya miaka 6 na 11 hivi, mgongo wake unarefushwa na kufupishwa, mkanda wa kiunoni una sponji ya kweli, na linakuja na kifuniko chake cha mvua. Lita 38 zinaonekana nyingi kwa mtoto, lakini mfuko wa kulalia ni mwepesi huku ukila nafasi kubwa. Shida inaanza pale mzazi anapoona nafasi imebaki akaijaza. Jumla ya mzigo isizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 25 abebe kati ya kilo 2.5 na 3.75, begi lenyewe likiwemo, na begi hili peke yake ni kilo moja na ushei. Kinachobaki kinatosha mfuko wa kulalia, sweta, nguo kavu na chupa moja. Ziwani maji yapo ya kuchemsha au kuchuja, hakuna sababu ya kumtwisha maji ya kutwa nzima.

Hicho kifuniko cha mvua nacho kisikutie usingizi. Kinakinga ya juu tu. Ufukweni mtoto hulitua begi kwenye mchanga uliolowa, na maji hupenya kwa chini na upande wa mgongo ambao haukufunikwa. Tandika mfuko mzito wa plastiki ndani kabla ya kupanga nguo, uukunje mdomo juu.

La pili ni Deuter Fox 30. Ni imara, na mgongo wake pia unarekebishwa. Nimeliweka nyuma kwa sababu ya lita tu: ukishaingiza mfuko wa kulalia ulionona, sweta linaanza kutafuta pa kuning'inia, na vitu vinavyoning'inia nje humyumbisha mtoto.

Mabegi madogo ya bei nafuu, kama ya Quechua, yanafaa kwa matembezi ya kutwa. Kwa kulala, hapana.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Lebo itakwambia lita, itakwambia umri, itakuonyesha mnyama aliyechorwa vizuri, lakini urefu wa mgongo hakuna. Begi linaning'inizwa likiwa limejazwa karatasi, mtoto analivaa likiwa jepesi, anatabasamu kwenye kioo, na muuzaji anasema chukua kubwa, atalikulia. Viatu vikubwa hatumnunulii mtoto anayekwenda kutembea siku nzima, begi kwa nini? Na bei inakaribia ya begi la mtu mzima hata pale ambapo mkanda wa kiunoni ni utepe mwembamba usiobeba chochote.

Kwa hiyo nenda dukani na utepe wa kupimia pamoja na kilo mbili za kitu chochote. Zitie ndani, funga mkanda wa kiunoni kwanza, mabega baadaye, kisha mtoto azunguke duka zima. Akikukatalia muuzaji kuweka uzito ndani, ondokeni.