Tangi la stenlesi lililopasuka: huduma niliyoipata Kizota

Gari langu ni dogo, la wazi, la watu wawili, nililoliunganisha mwenyewe kwa vipande vilivyoagizwa kutoka Uingereza, kwa umbo la Lotus Seven iliyoanza kuuzwa mwaka 1957. Tangi lake la petroli ni la bati la stenlesi lenye unene wa milimita 1.5, nalo limefungwa nyuma ya viti kwa mikanda miwili ya chuma. Baada ya miezi kadhaa kwenye barabara za vumbi za pembezoni mwa Dodoma, nilianza kupokewa na harufu ya petroli kila asubuhi nilipofungua banda la gari, na nilipopapasa chini ya tangi nikakuta ufa mwembamba kama unywele, wenye urefu wa sentimita 4 hivi.

Fundi wa kwanza aliuziba kwa gundi ya chuma, na haikupita wiki mbili kabla ya kuanza kuvuja tena. Ndipo nilipoelekezwa kwenye karakana moja ndogo ya Kizota inayochomelea kwa agoni, gesi isiyowaka inayokinga chuma cha moto kisiguswe na hewa.

Nilimwamini fundi wa pale kwa sababu siku niliyofika alikataa kabisa kuwasha mashine. Nilikuwa nimemwaga petroli yote na kulianika tangi juani, nikiamini kwamba hilo linatosha. "Kaka, tangi tupu ndilo la kuogopa," aliniambia, na alikuwa sahihi: mvuke wa petroli huwaka ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 tu ya hewa, kwa hiyo matone machache yaliyojificha kwenye mikunjo ya bati yanaweza kumuua mtu. Alifungua kipimo cha mafuta, akaliosha tangi mara tatu kwa maji ya moto na sabuni, akaliacha likauke usiku kucha, kisha asubuhi akaingiza mpira wa agoni kwenye mdomo wa tangi ili gesi iifukuze hewa iliyokuwa ndani. Gesi hiyo ina kazi ya pili ambayo mafundi wengi huipuuza, yaani kuulinda upande wa ndani wa mshono, kwa maana stenlesi ikipata moto huku nyuma yake kuna hewa, huota vinundu vyeusi kama sukari iliyoungua, na kutu huanzia hapo hapo.

Kabla ya kuchomelea alitoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutambaa, na alisugua kwa brashi ya waya ambayo haigusi chuma cha kawaida. Kwa kuwa stenlesi hutanuka kwa joto kuliko chuma cha kawaida na hupindika upesi, alichomelea vipande vifupi vifupi, akisubiri kila kimoja kipoe hadi kiganja kiweze kutulia juu yake. Kisha alijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, si kwa kompresa, akapaka povu la sabuni mshono mzima, nasi tukainama kutazama. Hapakuwa na kiputo hata kimoja.

Jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba alitafuta chanzo. Ufa ulianzia pale bati la ndani linalozuia mafuta kuyumba lilipounganishwa na ukuta wa tangi, mahali ambapo mkanda ulikuwa ukikaza chuma kwa chuma bila raba, na mtikisiko wa barabara ukamalizia. Aliweka vipande vya raba chini ya mikanda yote miwili bila kunidai nyongeza.

Nina malalamiko mawili. Siku mbili nilizoahidiwa zilikuwa nne, kwa sababu mtungi wa agoni uliisha katikati ya kazi, na risiti niliipata baada ya kuiomba mara mbili. Nililipa shilingi 90,000, bei ninayoiona ya haki kwa kazi ya namna hii. Atakayepeleka tangi lake aende na gasketi mpya ya kipimo cha mafuta, kwa sababu pale hawaziweki, na yangu ya zamani ilichanika ilipofunguliwa.